Kuta nene, rezo dhaifu: ruta gani inafaa nyumba ya mawe?

Katika miji ya Goma, Bukavu na Lubumbashi, familia nyingi zinalipa intaneti ya nyumbani kwa dola kila mwezi, lakini intaneti hiyo inaishia sebuleni. Chumba cha nyuma hakipati kitu. Mwanafunzi wa iniversite anayetaka kupakua somo anatoka kwenye baraza, au anasimama karibu na lango, simu mkononi, saa ambayo wazazi wangependa milango iwe imefungwa. Katika miji ambamo usalama wa usiku ni wasiwasi wa kila siku, rezo inayokwama ukutani si shida ndogo.

Wengi hufikiri kwamba dawa ni kununua ruta kubwa zaidi. Wanatoa pesa, wanarudi nyumbani na katoni nzuri, na chumba cha nyuma kinabaki vilevile. Kabla ya kwenda dukani, inafaa kuelewa kwanza ukuta wenyewe.

Nyumba zilizojengwa ili zidumu

Wakaaji wa Goma wanajenga kwa jiwe la volkano. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava kupita katikati ya mji, watu walivunja mawe yaleyale na kuyatumia kwa misingi, kuta za nyumba na nyua za paseli. Bukavu ina nyumba nyingi za wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, za matofali ya kuchoma juu ya misingi ya mawe, zikiwa zimekaa kwenye miteremko. Lubumbashi nayo ina matofali ya kuchoma yaliyofyatuliwa kwa udongo wa vichuguu. Kuta hizo zinazuia joto na wezi. Kwa bahati mbaya, zinazuia pia mawimbi ya Wi-Fi.

Nyumba ya mbao, ambayo pia ni ya kawaida huko Goma, haina shida hiyo sana, kwa sababu mbao kavu hupitisha mawimbi kwa urahisi. Matofali hupunguza nguvu yake zaidi. Betoni yenye vyuma na jiwe nene hupunguza vibaya kabisa. Bati, friji na kioo kikubwa cha kujitazamia hurudisha mawimbi nyuma, na tangi la maji huyameza.

Njia mbili, tabia mbili

Karibu ruta zote za leo zinatuma mawimbi kwa njia mbili: gigahezi 2,4 na gigahezi 5. Wimbi la kwanza lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na la pili lina sentimita 6 hivi. Lile refu ni la mwendo mdogo, lakini linapenya ukuta vizuri zaidi. Lile fupi linabeba video na faili kubwa kwa haraka, lakini likikutana na kuta mbili za mawe, mara nyingi linakufa hapo.

Kwa hiyo nyumba ya kuta nene itategemea sana gigahezi 2,4 katika vyumba vya mbali, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanadanganyika na namba za kwenye katoni. Ruta iliyoandikwa AC1200 haitoi megabiti 1200 kwa simu moja. Namba hiyo ni jumla ya njia mbili: 867 kwa gigahezi 5, na 300 tu kwa gigahezi 2,4. Tena, zote mbili ni kipimo cha maabara. Nyumbani mtu hupata chini sana ya hapo.

Kuna jambo lingine. Wi-Fi 5, yaani ile ya alama AC, iliboresha gigahezi 5 peke yake. Wi-Fi 6, yenye alama AX, iliboresha njia zote mbili. Hata hivyo, baadhi ya ruta za AX za bei nafuu zimebakiza teknolojia ya zamani kwenye gigahezi 2,4. Anayenunua atazame pale penye maelezo ya 2.4 GHz: akikuta 574, ni Wi-Fi 6 kweli, akikuta 300, ni ile ya zamani. Na kama simu zote za nyumbani ni za zamani, faida ya Wi-Fi 6 itakuwa ndogo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuilipia sana.

Antena nyingi si dawa

Sokoni, ruta yenye antena sita au nane inavutia macho. Lakini mazungumzo ya Wi-Fi ni ya watu wawili. Ruta inatuma, na simu inapaswa kujibu. Hata kama ruta ina sauti kubwa ya kupita ukuta, simu yenye antena ndogo na betri ndogo haiwezi kupiga kelele kiasi hicho. Ndiyo sababu simu inaonyesha alama zote za Wi-Fi, lakini ukurasa haufunguki.

Zaidi ya hayo, nguvu ya ruta imewekewa mpaka na sheria. Huko Ulaya, kwa mfano, gigahezi 2,4 haipaswi kuvuka miliwati 100. Kwa hiyo ruta ya bei kali na ile ya bei ya kati hazitofautiani sana kwa nguvu ya kupenya jiwe. Kinachobadilisha mambo ni mahali ruta inapokaa.

Mahali kwanza, pesa baadaye

Fundi huweka ruta pale kebo au umeme ulipo karibu, mara nyingi kwenye kona ya sebule, nyuma ya televisheni. Hapo nusu ya mawimbi inaenda kwa jirani. Mahali pazuri ni katikati ya nyumba, kama kwenye kolido ambamo milango ya vyumba inafungukia, juu kiasi cha mita moja na nusu au mbili. Mlango wa mbao ni njia rahisi kuliko ukuta wa mawe. Ruta isifichwe ndani ya kabati, wala isiwekwe juu ya friji.

Kuna jaribio ambalo halitumii hata mega moja. Simu moja inawekwa pale panapofikiriwa kuwekwa ruta, na kuwashwa ili igawe Wi-Fi kwa gigahezi 2,4. Simu ya pili inaunganishwa nayo, kisha mtu anatembea nayo chumba kwa chumba. Programu za bure za kupima Wi-Fi zinaonyesha nguvu kwa namba yenye alama ya kutoa. Karibu na -50 ni nzuri sana. -67 inatosha kwa kupigiana simu za video. Ikifika -80, chumba hicho hakihesabiki. Simu ni dhaifu kuliko ruta, kwa hiyo chumba kinachofaulu kwa simu kitafaulu pia kwa ruta.

Ruta ya kadi SIM ina mitihani miwili

Kwa familia nyingi za mashariki mwa Kongo, intaneti ya nyumbani inatoka kwenye ruta ya kadi SIM. Ruta hiyo inapaswa kupokea rezo ya 4G kutoka mnara ulio nje, na wakati huohuo kugawa Wi-Fi ndani. Ikikaa katikati ya nyumba ya mawe, 4G inafika imechoka. Ikikaa dirishani, Wi-Fi haifiki nyuma.

Suluhisho ni kutenganisha kazi hizo mbili. Ruta ya SIM inakaa kwenye dirisha linalotazama mnara. Kutoka hapo, kebo inaenda mpaka kolidoni kwenye ruta ya pili, ya bei ya kawaida, ambayo kazi yake ni kugawa Wi-Fi tu. Anayenunua ruta ya SIM ahakikishe kwamba ina tundu la kebo, na ikiwezekana, matundu ya antena ya nje.

Mpango ni uleule kwa wanaotumia Starlink, ambayo ilipata ruhusa ya ARPTC mwezi wa Mei 2025: sahani inabaki nje, na kazi ya ndani inahitaji mpango wake.

Kebo inashinda ukuta

Kwa nyumba yenye vyumba vingi, njia ya hakika ni kutoboa ukuta mara moja na kupitisha kebo. Kebo ya aina ya Cat5e inafika mita 100 na inabeba hadi gigabiti moja kwa sekunde, ukuta uwe wa jiwe au wa betoni. Mnunuzi aulize kama ndani ni shaba tupu. Kebo nyingi za bei ya chini ni aluminiamu iliyopakwa shaba, zinavunjika haraka na hazidumu.

Wasiotaka kutoboa huchagua ruta mbili au tatu zinazoshirikiana bila kebo, zile zinazoandikwa «Mesh». Zinafaa, lakini zina masharti mawili. Ya kwanza, ile ya pili isiwekwe ndani ya chumba kisicho na rezo. Iwekwe nusu ya njia, pale ambapo rezo bado ina nguvu, kwa sababu haiwezi kugawa kitu ambacho haikupokea. Ya pili, mwendo hupungua, mara nyingi kwa nusu hivi, kwani mawimbi yaleyale yanazungumza na ruta ya kwanza na simu pia. Katika nyumba za mawe, hata «Mesh» inafanya kazi vizuri zaidi ikiunganishwa kwa kebo.

Umeme usisahauliwe

Umeme wa SNEL ukikatika, ruta yote inazimika, hata kama simu zina betri. Ruta nyingi zinatumia volti 12. Ile iliyoandikwa 12V 1A haivuki wati 12. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, inaendesha ruta hiyo kwa saa tatu na nusu hivi. Ruta mbili za namna hiyo zitapata chini ya saa mbili. Ni hesabu ya kufanya kabla ya kununua vifaa vitatu. Betri isiunganishwe na ruta moja kwa moja; kuna visanduku vidogo vya akiba vya volti 12 vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kabla ya kutoa pesa

Mtu anayekwenda dukani aende na maswali machache. Je, gigahezi 2,4 ya ruta hii ni ya Wi-Fi 6 au ya zamani? Matundu ya kebo ni ya gigabiti moja, au ya megabiti 100? Inakubali kufanya kazi na ruta ya pili? Inatumia volti na ampea ngapi? Inaweza kurudishwa kama haifai?

Na kwa nyumba ya vyumba vitatu ambayo bajeti yake ni ndogo, hesabu ni rahisi. Ruta moja ya bei ya kati kolidoni, pamoja na mita 15 za kebo nzuri, mara nyingi itamfikishia mwanafunzi rezo chumbani kwake kuliko ruta moja ya bei kali iliyoachwa nyuma ya televisheni.