Kinsevere: Dakika 15 za maji na sabuni kabla ya safari ya Lubumbashi

Kinsevere iko kilomita kama 30 kaskazini mwa mji wa Lubumbashi, jimboni Haut-Katanga. Wengi wanaijua kwa sababu ya mgodi wa shaba unaotumikishwa na kampuni ya MMG tangu mwaka 2012. Lakini kwa mzazi ambaye mtoto wake ameumwa na mbwa njiani kwenda shule, hizo kilomita 30 zina maana ingine: zinamtenganisha na hospitali kubwa za mji. Kitu kinachofanyika kabla ya kupanda pikipiki kinaweza kuokoa maisha ya huyo mtoto.

Hatari kubwa ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao wengi wanauita « rage ». Kirusi chake kinakaa katika mate ya mnyama. Kinaingia kwa njia ya kidonda, kisha kinatembea polepole ndani ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo inachukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja tu, ao mwaka mzima. Mgonjwa akianza kuogopa maji na kushindwa kumeza, karibu kila mara ni kifo.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu 59 000 kila mwaka, zaidi Afrika na Asia, na kwamba karibu wote wanaupata kwa mbwa. Wanne kati ya kumi ni watoto wenye chini ya miaka 15. Mwaka 2014, waganga wa Kinshasa walichapisha katika jarida la Pathogens and Global Health habari za watoto 21 waliopatwa na ugonjwa huu katika mji mkuu.

Hata hivyo, dawa ya kwanza inapatikana katika kila lupango. Kidonda kioshwe palepale kwa maji mengi na sabuni, kwa muda wa dakika 15 kamili kwa saa. Sabuni inaharibu kirusi, na maji yanakitoa. Kisha kipakwe dawa ya kuua vijidudu, kama vile povidone iode. Kupaka mafuta, majivu, pilipili ao majani kunaongeza uchafu na kupoteza wakati.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi anaangalia kwanza aina ya jeraha. Mbwa akiramba ngozi isiyo na kidonda, kuosha kunatosha. Akichubua ngozi bila damu kutoka, chanjo inahitajika. Meno yakitoboa ngozi, ao mate yakiingia machoni, mdomoni ao kwenye kidonda, mgonjwa anahitaji chanjo pamoja na serumu, inayochomwa ndani na pembeni ya kidonda. Mara nyingi jeraha halishonwi siku hiyohiyo, kwa sababu kushona haraka kunafungia vijidudu ndani.

Chanjo haiishi kwa sindano moja. Ikichomwa kwenye msuli, inatolewa siku ya kwanza, siku ya 3 na ya 7 baadaye, halafu ya mwisho kati ya siku ya 14 na ya 28. Ikichomwa ndani ya ngozi, mahali pawili kila mara, ziara tatu zinatosha. Mbwa anayejulikana asiuawe: afungwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima, muganga anaweza kusimamisha sindano. Lakini kuanza hakungojei hizo siku 10.

Hapo ndipo mfuko wa familia unaguswa. OMS inakadiria kwamba matunzo haya, pamoja na usafiri na siku za kazi zinazopotea, yanafikia dola 108 kwa wastani. Ni mzigo mzito kwa anayeishi kwa shamba la mahindi ao kwa kuchoma makala. Ndiyo maana kuchanja mbwa wenyewe kunabaki njia ya bei ndogo.

Muuguzi anauliza pia juu ya chanjo ya tetanosi. Na haangalii meno ya mbwa tu. Meno ya mtu, kwa mfano ngumi iliyogonga mdomo katika ugomvi, yanaingiza vijidudu vikali kwenye viungo vya vidole. Jeraha kama hilo, hata likiwa dogo, linahitaji antibiotiki mapema, na muganga anafikiria pia hepatiti B na VVU.

Mate ya mtu yanabeba pia kirusi cha herpesi, kinacholeta malengelenge kwenye midomo. OMS inahesabu watu bilioni 3,8 wenye chini ya miaka 50 wanaoishi na aina ya kwanza ya kirusi hicho. Kwa wengi si hatari, lakini mwenye malengelenge asibusu mtoto mchanga. Kikiingia kwenye kidole, kidole kinavimba na kuuma sana kama chenye usaha. Kukipasua ni kosa: hakuna usaha wa kutoa, na kidonda kinaweza kuharibika zaidi.

Ndugu yake herpesi huyo ni zona. Inaanza kwa maumivu ya kuchoma upande mmoja wa mwili, kisha malengelenge yanajipanga kama mkanda. Wengine wanafikiri ni uchawi, na wanachelewa. Dawa ya aciclovir inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Zona karibu na jicho inapelekwa hospitali haraka, na kijana mwenye zona anashauriwa kupima VVU.

Tangu mlipuko wa mpox, kila lengelenge linatia watu woga. Mpox mara nyingi inaleta homa, tezi zilizovimba na vipele vinavyoweza kufika mpaka viganjani. Zona inabaki upande mmoja. Mwenye shaka asijifiche nyumbani, aende kituoni apimwe.

Kwa mzazi wa Kinsevere, mpangilio ni mwepesi kukumbuka: sabuni kwanza, kituo cha afya siku hiyohiyo, halafu njia ya Lubumbashi kama muuguzi anaandika barua ya kutumwa. Na sindano zimalizwe, hata kama kidonda kimekauka.