Mwanga Dhidi ya Virusi, Tope la Rufiji Likiwa Katikati

Chaza anayeng'ang'ania mizizi ya mikoko huko Salale, katika delta ya Rufiji, hula kwa kuchuja. Kutwa nzima hupitisha maji mwilini, akabakiza vijidudu anavyovila, na pamoja navyo hubakiza chochote kilichotoka vyooni. Kombe hali kadhalika. Mwaka 1988, mjini Shanghai, watu wapatao 300,000 waliugua homa ya ini aina A baada ya kombe kuliwa bila kuiva. Kombe hao walikuwa wa jamii ya Anadara, ambayo ndugu zake huokotwa pia kwenye pwani yetu maji yakipwa.

Katika delta, choo cha shimo na mto ni majirani. Bamvua ikijaa, au mafuriko yakija kama yale ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti, ujirani huo unakwisha na vyote vinakuwa maji mamoja. Homa ya ini aina A, norovirusi na rotavirusi husafiri kwa njia hiyo.

Je, mwanga unaweza kuviua virusi hivyo? Unaweza, na kwa ufanisi. Miale ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254 au karibu na hapo hupenya ganda la kirusi na kuharibu kanuni zake za urithi, asiweze tena kujizalisha. Mji wa Marseille ulijaribu taa za namna hiyo kwenye maji ya kunywa mwaka 1910. Shida ni kwamba miale hiyo mikali haitufikii kutoka juani, kwa kuwa hewa ya juu huizuia. Lazima taa, lazima umeme, na lazima mtu aisimamie kwa uangalifu, maana inaunguza macho na ngozi.

Hapo ndipo kichocheo kinachoamshwa na mwanga kinapoingia. Kinachojulikana zaidi ni oksidi ya titani, unga mweupe uliomo hata katika rangi za kuta. Wajapani Fujishima na Honda walionyesha mwaka 1972 kwamba mwanga ukiipiga, inaweza kuvunja maji. Oksidi hiyo haihitaji miale mikali: inatosha ile hafifu ya urujuanimno ambayo jua letu hutupa bure. Ikipigwa, huzalisha chembe kali zisizodumu ambazo hushambulia ganda la kirusi kutoka nje. Kwa kijiji chenye jua na kisicho na umeme wa uhakika, hili linavutia sana, nami sishangai watafiti kulikimbilia.

Lakini majaribio mengi hufanywa katika maji safi ya maabara, tena mara nyingi kwa virusi mbadala, kwa sababu norovirusi wa binadamu alikataa kukuzwa maabara hadi mwaka 2016. Maji ya Rufiji si ya maabara. Yana tope, yana rangi ya majani na magome ya mikoko, na yakichanganyika na bahari yana chumvi. Chembe ya tope ni mwavuli: kirusi aliyejificha nyuma yake haoni jua. Rangi ile humeza miale kabla haijafika. Chumvi nayo hunyang'anya zile chembe kali zilizokusudiwa kirusi. Hata ile njia rahisi ya kuanika maji juani katika chupa za plastiki kwa saa sita, ambayo Aftim Acra na wenzake waliieneza kutoka Beirut miaka ya 1980, hudai maji maangavu, na virusi huwa vigumu kufa kuliko bakteria wengi.

Tena mwanga hauingii ndani ya nyama. Kambamiti mwenye miguu na mikunjo ana vivuli vingi, na kirusi aliyekwisha kukaa tumboni mwa chaza hafikiwi na taa yoyote. Viwanda vya Ulaya huwaweka chaza hai katika maji yaliyomulikwa ili wajisafishe. Bakteria hupungua sana, virusi hung'ang'ania. Kwa chaza na kombe, dawa ni moto: mwongozo wa 2012 wa Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, unataka ndani ya nyama ifike nyuzi 85 hadi 90 za Selsiasi kwa sekunde 90 au zaidi. Gamba kufunguka hakutoshi, kwani hufunguka mapema kuliko hapo.

Mahali ninapouona mwanga ukifaa katika delta ni kwenye barafu na kwenye maji ya kuoshea samaki. Baridi haiui virusi, huvihifadhi. Barafu iliyogandishwa kwa maji machafu humpelekea mlaji ugonjwa hadi Dar es Salaam. Maji yakituama, yakachujwa kwa mchanga, kisha yakapita chini ya taa ya urujuanimno inayoendeshwa kwa sola kabla ya kugandishwa, kazi hiyo inafanyika leo kwa vifaa vinavyouzwa madukani. Oksidi ya titani isubiri kwanza, ijaribiwe kwenye maji ya mto wenyewe, si kwenye chupa ya maabara. Na ibandikwe kwenye kioo au kigae, isimwagwe majini: Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku ndani ya chakula mwaka 2022 kwa sababu wataalamu hawakuweza kuthibitisha kwamba haidhuru chembe za urithi.

Kwa hiyo halmashauri na wafadhili wanaopanga kupeleka taa Salale, wapeleke kichujio kwanza. Na wauza kombe, mpaka hapo, wasipunguze kuni.