UZI: Kunyonyesha hadharani na kutembea kifua wazi ni mijadala miwili, si mmoja

Wadau, huu mjadala haukosi kurudi. Mama ananyonyesha kwa matatu ama hotelini, mtu analalamika, picha inasambaa, na kabla jua halijatua kuna mheshimiwa kwenye redio anasema maadili yameoza, na mwingine anamjibu kwamba wanawake wanakanyagwa. Kama kawaida yetu hapa, hatutaji mtu wala chama. Tunaangalia tu wanabishania nini.

Tuanze na wanaosema "ni kinyume cha sheria". Sivyo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 182, inamgusa anayefanya kitendo cha aibu hadharani bila sababu halali. Kumlisha mtoto hakujatajwa popote kuwa kitendo cha aibu. Tena Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, na cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia na ujauzito.

Lakini upande wa pili nao usijidanganye. Hizo ni haki za jumla. Scotland, kwa mfano, tangu 2005 ni kosa kumzuia mtu kumnyonyesha mtoto wa chini ya miaka miwili mahali pa umma. Sheria imesema hivyo wazi, huhitaji wakili kukutafsiria. Kwetu, mswada wa akina mama wanaonyonyesha umefikishwa Bungeni zaidi ya mara moja, kwa hivyo ukisikia mtu anaupigia debe, anajaribu kuziba pengo ambalo lipo kweli.

Kumbukeni Mei 2018. Mama mmoja alisema mkahawani katikati ya Nairobi aliambiwa ajifunike ama aende kunyonyesha chooni. Wanawake waliandamana hadi mlangoni, wengine na watoto mgongoni. Hebu jiulize, wewe ungekula chapati yako chooni?

Halafu Agosti 2019, mbunge aliingia ukumbini na mtoto wake wa miezi mitano, akaamriwa atoke. Kanuni za Bunge zinamhesabu mtoto kama mgeni yeyote asiyeruhusiwa kuingia. Mama alieleza kwamba siku hiyo alikuwa na dharura na hakukuwa na mahali pa kumwacha mtoto. Wenzake wengine walimwona ameleta mzaha, wengine wakatoka naye. Na hao ndio watunga sheria, wenye ofisi na walinzi.

Sasa ile hoja ya "tukiruhusu hii, kesho watatembea kifua wazi kama ng'ambo". Hapa ndipo watu huchanganya mambo, wengine makusudi. Kesi za kifua wazi zipo, ila zilianzia kwingine kabisa. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja alikamatwa Guelph, Ontario, Canada, kwa kutembea bila shati siku ya joto kali kama wanaume walivyofanya. Mwaka 1996 Mahakama ya Rufaa ya Ontario ikamwondolea hatia. Hakuna mtoto wala maziwa katika kesi hiyo. Swali lilikuwa kama mwili wa mwanamke uhukumiwe tofauti na wa mwanamume. Unaweza kukubali ama kukataa hilo, lakini halijibu swali la mtoto anayelia njaa kwa stendi ya matatu.

Na "si utamaduni wetu"? Utamaduni upi? Kuna jamii nyingi Kenya ambapo nyanya za nyanya zetu hawakufunika kifua, na hakuna aliyeshtuka. Pwani wamekuwa na leso, na mama hujisitiri nayo akipenda. Kusitiri kwa hiari yako ni jambo moja, kuamriwa na mtu usiyemjua ni lingine.

Tena kifua cha mama kimeshawahi kuwa siasa nzito hapa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipiga kambi Uhuru Park, wakagoma kula. Polisi walipowavamia Machi, baadhi yao walivua nguo. Mzee yeyote aliyelelewa kijijini alielewa, ile ilikuwa laana. Hakuna aliyedhani wanatafuta kutazamwa.

Haya, tufike penye uzito, ambapo waheshimiwa hupapita mbio. Wizara ya Afya inawaambia akina mama, sawa na Shirika la Afya Duniani, wampe mtoto maziwa ya mama pekee miezi 6. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi 3. Ile mitatu mingine inatoka wapi? Tulikuwa tunapanda vizuri: asilimia 13 ya watoto walinyonya hivyo mwaka 2003, 32 mwaka 2008/09, 61 mwaka 2014. Uchunguzi wa 2022 ukapata 60. Tumekwama hapo.

Sheria ya Afya ya 2017 ilijaribu. Kifungu cha 71 kinamtaka kila mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea, chenye maji ya kunawa, friji, stima na viti, na kisiwe msalani. Cha 72 kinampa mama mapumziko ya kunyonyesha ama kukamua maziwa, hadi saa moja kwa kila saa nane za kazi, na yanahesabiwa kama muda wa kazi. Bosi hakufanyii hisani. Uliza tu ofisini kwenu hicho chumba kiko mlango upi.

Ila angalia neno "mwajiri". Mama mboga hana mwajiri. Wa mitumba hana, wa mama fua ana mabosi watano kwa wiki. Hawa ndio wananyonyesha hadharani kila siku, kwa gunia, katikati ya wateja, na hakuna anayewapiga picha kwa sababu wateja wamezoea.

Kwao swali ni la kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya masoko na vituo vya kulelea watoto. Kwa hivyo MCA wako akisimama kuhutubia juu ya maadili ya akina mama, muulize soko jipya la wadi limetengewa chumba cha watoto ama ni vyoo na ofisi ya ushuru pekee.