Mradi wa Maji ni Watu Wanaojua Kazi



Hapa Burat Mto Isiolo unatunywesha sisi, mashamba na mifugo. Pale mto haufiki, tunategemea kisima na bomba. Mvua ilipokosa misimu 5 mfululizo, kutoka 2020 hadi 2022, sote tuliona thamani ya pampu inayofanya kazi.

Lakini pampu haijiendeshi. Miradi mingi ina kijana mmoja tu anayeijua mashine. Siku akipata kazi mjini, ujuzi unaondoka naye, na kina mama wanarudi kubeba mitungi.

Kwa hiyo tunawahimiza mpange ujuzi kama mnavyopanga pesa. Anzeni na kazi, halafu mtafute mtu. Kwa kila kazi andikeni mambo matatu. Tuchukue mwendesha pampu:

1. Anafanya nini? Anawasha na kuzima pampu, na kila siku anaandika saa ilizofanya kazi na namba za mita.

2. Lazima ajue nini? Kwamba pampu ya kisima ikizunguka bila maji huungua. Maji yakipungua, anazima kwanza, maswali baadaye.

3. Tutaonaje kwamba anaweza? Aifanye kazi mbele ya kamati na kuonyesha daftari la mwezi mzima. Kusema "najua" hakutoshi.

Fanyeni vivyo hivyo kwa fundi wa mabomba, msoma mita na mweka hazina. Kisha chukueni karatasi moja: kazi upande huu, majina upande ule. Wekeni alama kwa yule tu aliyeonyesha kwamba anaweza. Kazi yenye jina moja ni hatari. Mchagueni wa pili, ajifunze kwa wa kwanza. Na msiwaache kina mama nje. Spana haiulizi ni mkono wa nani.

Wako wanaosema, "Tukimsomesha, ataenda zake." Ni kweli, anaweza kwenda. Lakini hata asiyesomeshwa huenda, na akibaki anaweza kuunguza pampu. Dawa ni mbili: wawe wawili, na walipwe kitu kila mwezi, hata kidogo, kutoka pesa za maji. Mtu hawezi kujitolea miaka mitano na watoto wanataka kula.

Fundi aliyejifunza kwa mikono bila kukaa darasani asikate tamaa. Mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, hupima ufundi kwa vitendo na kutoa cheti.

Kumbukeni pia kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji ziko chini ya kaunti. Basi nendeni ofisi ya maji ya kaunti na ile karatasi mkononi. Msiseme tu "tusaidieni". Semeni, "Tuna fundi mmoja, tunataka wa pili afundishwe, na jina lake ni hili."