Picha Kubwa Haina Pa Kukaa Waberi

Kurasa mbili za muziki katika jarida la rangi zina desturi yake. Kushoto, picha ya msanii inayojaza ukurasa mpaka ukingoni. Kulia, kichwa cha habari kwa herufi nene, dibaji ya sentensi mbili, halafu safu tatu za maandishi na dondoo moja iliyokuzwa ili jicho lipumzike. Vijana wa Kenya waliizoea sura hiyo kupitia Pulse, kijarida ambacho kwa miaka mingi kilitoka Ijumaa ndani ya gazeti la The Standard. Ukifungua matoleo ya zamani ya NME, jarida la muziki la Uingereza, utaikuta vilevile. Kwa hiyo mtu akibuni mradi wa jarida la muziki kwa vijana wa Garissa, mfano atakaouweka mezani ni huo huo.

Mpangilio wa kurasa nao ni mpango wa mradi. Umejengwa juu ya mambo ambayo mchoraji ameyachukulia kuwa yapo: mtambo wa kuchapa, karatasi pana, msomaji aliyeketi na jarida mapajani, na msanii aliyekubali kupigwa picha. Waberi, moja ya wadi nne za eneo bunge la Garissa Township, ni mahali pazuri pa kuyapima.

Karatasi ndiyo rahisi. Mtambo wa kuchapa majarida uko Nairobi, kilomita zipatazo 370, na mradi mdogo huishia kwenye saiba, kwa mashine ya fotokopi. Mashine hizo nyingi haziwezi kuchapa mpaka ukingoni. Huacha pambizo nyeupe pande zote, na ile picha iliyokusudiwa kumwagika nje ya ukurasa hujikuta ndani ya fremu kama picha ya kitambulisho. Maandishi meupe juu ya weusi hutoka na michirizi. Halafu kuna mkunjo. Katika jarida lililobanwa kwa pini, ni kurasa za katikati tu ambazo ni karatasi moja. Kwingine kote, nusu ya uso wa mwimbaji iko kwenye karatasi hii na nusu nyingine kwenye ile. Ikikunjwa kwa mkono, pua inapishana na pua.

Wengi lakini hawatalishika jarida hilo. Watalipokea kwa WhatsApp, ukurasa mmoja mmoja, kwenye kioo cha upana wa kiganja. Dondoo iliyotandazwa juu ya kurasa zote mbili hukatika katikati ya neno. Safu tatu hulazimisha kidole kupanda na kushuka kama anayetafuta mtandao. Wakenya tumeuona mpango wa kifaa kimoja ukitua kwenye kingine kwa ukubwa zaidi: kompyuta ndogo zilizoahidiwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013 zilianza kufika shuleni mwaka 2016, na walichowekewa watoto mkononi kilikuwa tableti. Angalau tableti ilisomeka.

Haya yote fundi stadi atayamaliza kwa siku moja. Panua pambizo, tumia safu moja, usivushe kitu juu ya mkunjo. Kazi ngumu ni ile picha.

Muziki wa Waberi uko wapi hasa? Jukwaani haupo sana. Mji una wazee na maimamu wasioutazama wimbo kwa jicho zuri, na mpangaji mradi asiyelijua hilo atalijua wiki ya kwanza. Muziki uko arusini, kwenye buraanbur, utenzi wa wanawake wa Kisomali unaoimbwa kwa ngoma na makofi huku mmoja akiingia katikati kucheza. Ni mkusanyiko wa wanawake, shela zimevuliwa, na simu ya kupiga picha haikaribishwi. Mpango unasema nusu ya nafasi ni picha ya mwimbaji. Mwimbaji mwenyewe hapigwi picha. Nimeona watu wakiliziba pengo la namna hii kwa picha ya ngamia. Afadhali wangeliacha wazi.

Isitoshe, wasikilizaji wa muziki huu hawakuhitaji sura. Nyimbo za Kisomali zilisafiri kwa kaseti zilizonakiliwa na kunakiliwa tena, jina la mwimbaji limeandikwa kwa kalamu, pengine limekosewa. Hata sauti za Waaberi, kundi la muziki la taifa la Somalia, mjini Mogadishu, alikoimba Maryam Mursal, ziliwafikia wengi kwa redio na kaseti kuliko kwa picha.

Kilichopo badala ya picha ni herufi. Ushairi wa Kisomali hufungwa kwa sauti moja inayorudi mwanzoni mwa neno katika kila mstari, toka mwanzo wa shairi hadi mwisho. Likianza kwa B, ni B mpaka tamati. Tangu Kisomali kipewe rasmi hati ya Kilatini mwaka 1972, sauti hiyo inaonekana kwa macho. Msanifu anaweza kuichukua B hiyo, akaikuza ijaze ukurasa wa kushoto, kisha akaikoleza kila inapotokea kwenye beti za kulia, kila mstari upate nafasi yake yote bila kukatwa, tafsiri ya Kiswahili chini yake kwa herufi ndogo. Nyeusi tupu juu ya nyeupe. Fotokopi inaiweza na simu inaiweza.

Bajeti nayo ibadilike. Fedha ya mpiga picha na ya karatasi inayong'aa ihamie kwa mwanamke atakayekaa na watunzi, ayaandike maneno yao kama walivyoyatamka na kuwasomea tena kabla hayajachapwa. Na kwa watunzi wenyewe, ambao kwenye mapendekezo ya aina hii huwa hawana hata mstari wao wa malipo.