Diski Moja, Kompyuta Tatu: Kuhamisha Si Kunakili

Mgonjwa mmoja wa makamo alifika kliniki akiwa na picha mpya ya CT-Scan iliyoonyesha kivimbe kidogo katika pafu la kulia. Katika hali kama hiyo daktari hutaka kujua jambo moja kabla ya mengine: je, kivimbe hicho kilikuwapo zamani, na kama kilikuwapo, kimekua? Kivimbe kigumu kisichobadilika kwa miaka miwili au zaidi kwa kawaida si saratani.

Mgonjwa huyo alikuwa amepigwa picha kama hiyo miaka minne kabla, akapewa CD. Kijana wake alizihamishia picha hizo kwenye diski ya nje iliyotumiwa na kompyuta tatu za nyumbani, na baadaye CD ikapotea. Siku moja diski ilianguka kutoka mezani ikiwa inafanya kazi, isisomeke tena. Hospitali iliyompiga picha nayo haikuwa nazo tena. Kwa kuwa hatukuwa na cha kulinganisha, ilimbidi asubiri miezi mitatu apigwe picha nyingine. Miezi hiyo aliiishi kwa hofu.

Familia hiyo haikuwa zembe. Ilinunua diski, ikaamini kwamba ina nakala rudufu. Lakini kila kompyuta ilipojaa, faili zilihamishiwa kwenye diski na kufutwa zilikotoka, hata diski ikawa ghala pekee. Nakala rudufu ni nakala ya kitu ambacho bado kipo mahali pengine. Kitu kilichobaki mahali pamoja tu hakina nakala, hata kikiwa ndani ya diski ya bei kubwa. Na kadiri kompyuta zinazoitegemea diski hiyo zinavyoongezeka, ndivyo hasara ya kuharibika kwake inavyozidi.

Diski moja yaweza kuhudumia kompyuta kadhaa ikipangwa vizuri. Jumlisha ukubwa wa faili za kompyuta zote, kisha nunua diski yenye nafasi mara mbili ya jumla hiyo, kwa sababu programu za kunakili huhifadhi pia matoleo ya zamani ya faili. Familia yenye faili za terabaiti 1, kwa mfano, itafute diski ya terabaiti 2. Kompyuta za Windows zina programu ya File History, na za Apple zina Time Machine. Zikishapangwa, hunakili zenyewe mabadiliko mapya diski inapochomekwa. Time Machine huhitaji sehemu yake peke yake, ambayo Windows kwa kawaida haiwezi kuisoma. Kwa hiyo diski igawanywe kabla ya kutiwa faili yoyote.

Kazi ikiisha, ichomoe. Programu hasidi zinazofunga faili ili kudai fidia hufunga pia faili za diski iliyochomekwa. Mwezi Mei 2017, programu ya aina hiyo iitwayo WannaCry ilivuruga hospitali nyingi za Uingereza, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikaahirishwa.

Ukiweza, nunua diski ya pili na uiweke nyumba nyingine, kwa ndugu unayemwamini. Moto, mafuriko au mwizi akiingia nyumbani, kompyuta na diski iliyo kando yake huondoka pamoja. Kila baada ya miezi mitatu, fungua faili chache za diski katika kompyuta nyingine ili kuhakikisha kwamba zinasomeka.

Kwa wahudumu wa afya kuna sharti la ziada. Taarifa za wagonjwa zisikae kwenye diski ya nyumbani bila idhini ya taasisi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Diski iliyobeba taarifa kama hizo ilindwe kwa usimbaji fiche, ili atakayeiokota asiweze kuisoma. Nywila yake itunzwe mahali salama, kwani ikipotea, hata mwenye diski hataifungua.

Picha ya pili ya mgonjwa wetu ilionyesha kwamba kivimbe hakikukua, naye anaendelea kufuatiliwa. Safari hii, kabla ya kuondoka, aliomba CD mbili: moja ya kunakili nyumbani, nyingine ya kumpelekea dada yake.