Istilahi za Skrini Mbili: Kurudufu na Kupanua
Kompyuta mpakato, ambayo Wakenya huiita pia kipakatalishi, aghalabu huunganishwa na skrini ya nje kwa kebo ya HDMI. Katika Windows, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na P huleta machaguo manne. Mawili kati yake yanahitaji istilahi bayana. Moja huonyesha picha ileile kwenye skrini zote mbili. Jingine huongeza nafasi, hivyo mfasiri huweka matini chanzi upande mmoja na tafsiri upande wa pili. Mtoa mada anayeyachanganya huweza kuanika hadharani barua ya siri. Tunapendekeza “kurudufu” kwa la kwanza, kwa kuwa “kunakili” tayari humaanisha kutoa nakala ya faili, na “kupanua” kwa la pili. Usanifishaji huu hulinda taarifa. Haupambi lugha tu.